Mafigo Yamezima

Kalemie, Jumamosi, tarehe 7 Novemba 1987

Yaya Marceline, dada yangu mpendwa,

Kabla ya kukusalimu naomba niseme hili, maana nikianza na salamu nitaogopa tena. Sijamwambia mtu yeyote, hata padri. Yule Dokta hakusema kwamba Papa, baba yetu, amekufa. Ni mimi niliyesema. Sikujua kwamba ninalisema, lakini kinywa kilikuwa changu, na bibi yetu Kambo alilisikia kwangu, si kwa mwingine.

Sasa nakusalimu kwa heshima zote, wewe na shemeji Fidèle na watoto. Je, mko wazima huko Moba? Kifua cha yule mdogo kimepona? Huku kwetu mvua zimeanza, ziwa limechafuka mara mbili wiki hii, na Kambo anakohoa asubuhi lakini anatembea. Mimi sijambo na masomo yanaendelea. Masista wamenipandisha darasa la tano la sekondari, upande wa biolojia na kemia. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujainuka kwenye kiti.

Barua uliyomwandikia Kambo ilifika. Unajua hapa nyumbani ni mimi msomaji wa barua zote, basi niliisoma kwa sauti mbele ya Kambo na baba mdogo Cyrille. Uliandika kwamba ulinyoa nywele, ukamlilia Papa mpaka matanga yakaisha, na sasa hutaki kusikia habari nyingine. Uliandika kwamba kitu chochote kikifika Moba na uso wa Papa hutakifungulia mlango, kwa sababu una watoto wadogo. Hapo nilitaka kuruka mstari, lakini Kambo ananijua. Nilipokawia tu akaniambia, “Soma yote, usituchagulie.” Nikasoma yote. Yaya, Papa alikuwa ameketi nje, chini ya dirisha. Nilijua kwamba yuko pale. Alisikia kila neno.

Sikulaumu. Kama ningekuwa Moba, ningeandika vile vile. Lakini Kambo amesema kwamba kama Papa ni mtu au si mtu, wewe ndiwe utakayeamua, na nitakueleza kwa nini. Kwa hiyo nataka uamue ukijua mambo yalivyokwenda.

Mwezi wa nane Papa alikuwa anatengeneza injini ya wavuvi wa ndakala, akakanyaga waya wenye kutu. Unamjua. Alifunga mguu kwa kitambaa cha kufutia mafuta, akaendelea na kazi. Baada ya siku chache mguu ulivimba mpaka gotini, akaanza kutetemeka kama mtu aliyeopolewa majini, kisha akaanza kumwita Mama, yeye ambaye tangu tumzike Mama hajalitaja jina lake mbele yetu. Ndipo baba mdogo Cyrille alipompakia kwenye baiskeli, mimi nikimshika mgongo kwa nyuma asianguke, tukamfikisha hospitali.

Walimlaza katika chumba chenye vitanda vinne. Waganga wanakiita reanimasio, chumba cha mahututi. Akina mama wanaouza mihogo getini wanakiita Stesheni, kwa sababu, wanasema, watu wanalala pale wakingoja kuondoka.

Mwenye chumba kile ni Dokta Évariste. Anatoka Kinshasa, bado ni kijana, na miwani yake imefungwa kwa plasta upande mmoja. Hakuja kutibu tu, amekuja kutafuta. Anatafuta kwa nini mtu ambaye damu yake imeingiwa na sumu, iwe ya kidonda, ya uzazi au ya tumbo, anaacha kukojoa, na kwa nini akishaacha kukojoa kwa kawaida anakufa, hata kama homa imeshuka. Basi kila mgonjwa wake amewekewa mpira, mpira unaingia katika chupa, na Dokta hapumziki: anakwenda kutoka chupa hii mpaka ile, anainama, anatazama kama mtu anayechungulia kisima wakati wa kiangazi. Getini wanamwita Dokta Mikojo. Kambo alipomwona mara ya kwanza amesimama uani, chupa mbili mkononi, anazielekeza juani, aliniuliza bila kushusha sauti, “Na huyu mama yake alimusomesha miaka yote ile juu ya hii?” Dokta alifikiri amesalimiwa, akainamisha kichwa kwa heshima. Kiswahili chake kilikuwa cha wiki chache.

Ilikuwa bado likizo, kwa hiyo ni mimi niliyebaki kumwangalia Papa. Nilikuwa na kitabu changu cha biolojia. Dokta alikiona, akaanza kunisemesha Kifaransa. Unajua nilivyo, nilimjibu nikitazama viatu vyake. Lakini alikuwa na subira. Alinieleza kwamba figo ni chujio la damu, jambo ambalo nililijua, na kwamba vitabu vinasema sumu inaziua, jambo ambalo nililijua pia. Kisha akasema yeye haamini vitabu hapo. Anadhani figo zikiona hatari zinajizima zenyewe, kama mwenye duka anayefunga mlango akisikia fujo barabarani. Mwenye duka yumo ndani, hai, anasikiliza. Shida ni sisi wa nje tunaozidi kugonga: tunammiminia mgonjwa serumu ya mshipani mpaka anavimba uso, tunamchoma dawa kali ambazo zenyewe zinazidi kuumiza figo. Alitaka kujua kama tukiacha kugonga, mlango utafunguliwa.

Nilimuuliza, kwa sauti ambayo ilimlazimu kuinama ili anisikie, kama aliwahi kuuona ukifunguliwa. Alisema bado. Halafu akaanza kutaja majina. Hakuyasoma mahali, aliyatoa kichwani. Mvuvi mmoja wa Zongwe. Mwalimu aliyepasuka utumbo. Msichana wa Niemba aliyechomwa sindano chafu kijijini. Aliwataja taratibu, kama sisi tunavyowataja marehemu wetu siku ya kuwaombea, na alipomaliza akarudi kwenye chupa. Tangu pale sikuweza kumtazama akiinama bila kufikiri kwamba hainami peke yake.

Kitanda cha pili kulikuwa na mama kijana aliyejifungua. Chupa yake ilikuwa tupu, na ya Papa ilikuwa inaelekea huko. Papa alipopata akili kidogo walikuwa wanazungumza, vitanda vimekaribiana. Mama yule alimwambia, “Papa, siye tutatoka hapa pamoja. Utafika kwetu, mama yangu atakupa munkoyo utamu, hujawahi kunywa.” Papa akamjibu kwamba hanywi munkoyo wa watu wasio na mikojo. Walicheka wote wawili, kicheko kisicho na pumzi. Alifariki mchana mmoja, wagonjwa wa vyumba vingine wakiwa wanakula. Walimfunika, wakamtoa, na Papa aligeuza uso akatazama kile kitanda, wala hakuacha kukitazama.

Kesho yake chupa ya Papa ilikuwa kavu kabisa. Muuguzi Pierre, ambaye ndiye mkalimani wa Dokta siku zote, alikuwa amekwenda kumzika mkwe wake. Dokta akafunga serumu, akachomoa sindano mkononi mwa Papa. Na ndipo Kambo alipoingia na uji. Alisimama mlangoni akatazama ile chupa ya serumu ikiondolewa. Sote tunajua hospitali inapoondoa serumu inataka kusema nini. Akauliza, “Munamukatia hata maji?”

Dokta alinigeukia, akasema kwa Kifaransa maneno machache. Nayakumbuka yote: figo zimezima, hazijafa, tunangoja.

Yaya, unajua tulivyolelewa. Mbele ya mgonjwa mtoto halitaji lile neno. Hata kulikana halikani, kwa sababu ukisema “hajafa” umekwisha kuliingiza chumbani. Basi nililiacha nje. Nilifikiri ni adabu. Nikasema, “Kambo, Dokta anasema mafigo ya Papa yamezima. Tunangoja.”

Katika kitabu changu figo ni viungo viwili vya mgongoni. Lakini Kambo viungo vile anavitaja kwa Kitabwa tu, hajaviita kwa Kiswahili maishani mwake. Yeye alisikia mafiga, yale mawe matatu ya jikoni. Na wewe unajua wazee wa kwetu hawasemi kwamba mwenye nyumba amekufa. Wanasema mafiga yake yamezima. Sikulikumbuka hilo. Nilikuwa nimesimama pale na kitabu kifuani, nikijisifu moyoni kwamba nimelipata neno sahihi la Kiswahili bila kumuuliza mtu.

Kambo aliweka uji chini. Hakulia. Alizishika nyayo za Papa, nazo zilikuwa baridi, akamwambia, “Nenda polepole, baba. Nitakufungulia.” Halafu akatoka, na sikumwona tena kwa siku mbili.

Baadaye ndipo nilipoelewa. Kambo anasema mtu ambaye moto wake umezima mwilini, huku jikoni kwake bado unawaka, hawezi kwenda. Anabaki katikati, anateseka. Kwa hiyo yeye aliyemzaa alikwenda nyumbani kumfungulia njia. Alimwaga maji motoni, akayang’oa mafiga yote matatu, akayatupa barabarani. Majirani walipoona mawe njiani hawakuuliza, walianza kulia. Baba mdogo Cyrille akakimbia misheni kwenye fonia, ile redio ya mapadri, na jioni ile ile nawe ukasikia huko Moba. Hivyo ndivyo Papa alivyokufa: kwa mapenzi ya mama yake na kwa adabu yangu.

Mimi kule hospitali sikujua kitu. Nilidhani wamechoka, au wana hasira na Dokta. Kumbe walikuwa wameketi kwenye mikeka wakingoja maiti, na maiti haiji, na wengine wakaanza kusema kwamba Dokta anaizuia kwa sababu ana kazi nayo.

Siku ya tatu asubuhi Dokta aliinama juu ya chupa ya Papa, akakaa vile vile. Nilifikiri ameshikwa na mgongo. Kisha akaniita kwa kidole. Ndani ya mpira kulikuwa na tone moja, jeusi kama chai ya rangi. Lilikaa, likasogea, likaanguka. Likaja jingine. Dokta alivua miwani. Aliimba kitu kwa Kilingala, akacheza hatua mbili tatu katikati ya vitanda kama kijana kwenye harusi, mpaka akafika kwenye kile kitanda cha pili. Hapo akasimama, akavaa miwani yake, akarudi.

Mchana Papa alikuwa ananywa uji wakati baba mdogo Cyrille alipoingia na wanaume wawili na mkeka wa kuviringia maiti. Papa ana abakosti moja tu, suti ya rangi ya kahawia, na baba mdogo alikuwa ameivaa ili apate heshima ya kuzika. Papa alimtazama toka juu mpaka chini, akasema kwa sauti iliyokauka, “Cyrille, nani amekuambia hiyo inakutosha?” Wale wanaume walikimbia kabla baba mdogo hajaangusha mkeka. Yeye alirudi kinyumenyume mpaka ukutani, kisha naye akakimbia. Nilicheka, Yaya. Nisamehe. Nilifikiri jioni sote tutacheka.

Jioni walikuja wazee watatu pamoja na baba mdogo. Hawakuingia. Walisimama nje ya dirisha wakamwita Dokta. Mzee mmoja akamuuliza, akimtaja Papa kwa jina, “Ulisema mafiga ya Germain yamezima, ao hukusema?”

Dokta alifurahi kuulizwa jambo ambalo alilijua kwa Kiswahili. Akasema kwa nguvu, “Ndiyo! Mafigo yamezima! Sasa yanawaka!”

Wazee walitazamana. Yule mzee akauliza tena, polepole, “Na nani ameyawasha?”

Dokta akaweka mkono kifuani. “Mimi,” akasema, na akacheka kwa furaha. “Mimi na Pierre.”

Nilikuwa nimesimama hatua chache nyuma yake nikishika chupa ya Papa. Nilielewa pale pale kilichotokea, kuanzia jikoni mpaka dirishani. Ningesema neno moja tu. Nilifungua kinywa, na wale wazee wote wakanigeukia, macho yote yale, nikafunga kinywa. Wakaondoka bila kuaga.

Kabla ya wiki kwisha watu wote wa Kalemie walikuwa wanajua kwamba kuna daktari wa Kinshasa anayezima watu na kuwawasha, na kwamba anayerudi si yule aliyekwenda. Wengine walisema Papa wa kweli amebakizwa mahali anafanya kazi, na kitakacholetwa nyumbani ni ganda. Ndugu wa wagonjwa wakaanza kuwatoa watu wao. Kulikuwa na kijana mwenye homa ya matumbo katika kitanda cha nne. Mama yake alimbeba mgongoni, mtu mzima vile, miguu ikiburuzika. Sijui habari zake. Kila siku napanga kuulizia, na kila siku napita njia nyingine.

Papa aliporuhusiwa tulirudi naye kwa miguu, polepole, akitegemea fimbo. Watoto wa mtaa walinyamaza tulipopita. Nyumbani, jikoni kulikuwa na mashimo matatu na majivu yaliyolowa. Kambo alitoka. Nilitegemea apige kelele. Alisimama mbali kidogo, akapiga makofi matatu kama tunavyopiga kaburini, akasema kwa upole mkubwa, “Tumekusikia, Germain. Unataka nini?”

Papa akajibu, “Mama, nataka kukaa chini. Mguu unauma.”

Baba mdogo Cyrille alisema wamjaribu. Akamuuliza jina la mbuzi wao wa utotoni, akamuuliza nani alivunja chungu cha Kambo siku ya ubatizo wa shangazi. Papa alijibu yote, hata akaongeza kwamba chungu kilivunjwa na Cyrille na yeye ndiye aliyepigwa. Majirani walianza kutabasamu. Lakini Kambo alisema, “Wafu njo wenye kukumbuka. Sisi wazima tunasahau.”

Tangu siku ile tunapika kwenye moto wa jirani. Chakula cha Papa kinawekwa juu ya jani la mgomba, nje, na anayekiweka anageuka asimwone akila. Mimi nimejaribu kula naye. Kambo ananiita kazi kabla sijatia tonge mdomoni. Hakuna anayemtukana. Wanamheshimu sana, kama mgeni ambaye tunaomba aondoke. Na Papa ameanza kufanana na heshima hiyo. Haanzi yeye kumsalimu mtu. Akipita anapita kando ya ukuta. Wateja wake wamepeleka injini zao kwingine, naye hakuwauliza kwa nini. Chakula anakibakiza, kila siku zaidi ya jana. Jioni moja aliniambia, akitazama ziwa, “Bertille, wewe ulikuwa pale. Uniambie kweli. Mimi ni muzima, ao nimezima?”

Nilimwambia ni mzima. Lakini nililisema nikitazama miguu yangu, kama kawaida yangu, na nadhani alidhani nadanganya.

Nikampeleka kwa Dokta. Chumba kilikuwa kitupu, vitanda vyote vinne vimetandikwa. Safari hii Pierre alikuwepo akatafsiri vizuri. Dokta alimweleza Papa habari ya mwenye duka, akamwambia kwamba hakufa hata dakika moja, na kwamba yeye ni wa kwanza, na kwamba ataandika kwa maprofesa wake kumhusu. Papa alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: kwa nini yeye, na si yule mama wa kitanda cha pili. Wote wawili walikuwa wamefunga milango. Wote wawili waliacha kugongwa. Dokta akasema hajui, na kwamba hilo ndilo analolitafuta, na huenda asilipate.

Tuliporudi Papa aliniambia kwamba yule mama bado anamngoja wakanywe munkoyo. Anamwona pale ukutani karibu na choo, akiwa amesimama na mtoto wake. Alisema bila hofu yoyote, kama anayetaja jirani, na ni kukosa hofu huko kunakonitisha. Yaya, Dokta alizirudisha figo zake, lakini sisi nyumbani tunamwua upya, kwa jani la mgomba na kwa makofi. Kabla ya mvua hizi kwisha naye hatakuwapo. Wakati huo mkisema amekufa, hamtakuwa mmekosea tena.

Sasa nakuambia kwa nini uamuzi ni wako. Nilimuuliza Kambo kama moto uliozimwa kwa mwenye nyumba unaweza kuwashwa tena. Alisema unaweza. Anayeuwasha ni mzaliwa wake wa kwanza, na hata kama si jikoni kwake: akimpikia kwa moto wake mwenyewe, wakala sahani moja, basi. “Marceline akimukubali,” alisema, “mimi ni nani?” Nikamkumbusha kwamba wewe umeapa. Akasema, “Ndiyo. Kwa hiyo amekwisha kusema.”

Lakini uliapa juu ya neno langu, Yaya, si juu ya neno la Dokta. Ondoa neno langu, uone kama kiapo kinasimama.

Papa hajui kwamba naandika haya. Anajua tu kwamba Jumatatu atapanda boti kuja kwako, na kwamba nitampa barua. Nilimwomba asibishe hodi, asikuite, asijitokeze dirishani, asiwaguse watoto. Nilimwomba aketi nje ya uzio, upande wa barabara ambapo watu wanapita, ampe mtoto yeyote barua hii aiingize ndani, na angoje mpaka uwe umemaliza kusoma. Kwa hiyo unaposoma mstari huu, yuko pale.

Jumatatu asubuhi, bandarini

Naongeza haya nikiwa nimekaa juu ya gunia la mihogo, usinicheke mwandiko.

Jana baada ya misa nilisimama mbele ya Kambo na baba mdogo Cyrille. Sauti ilikatika, nikaanza upya. Nikawaambia Dokta alisema nini, na kipande gani nilikiacha, na kwa nini. Baba mdogo alisema sasa ni kazi bure, mawe yamekwisha kutupwa. Kambo aliacha kupepeta unga, akasema, “Kumbe njo wewe.” Kisha akaendelea kupepeta. Hajanisemesha tangu hapo.

Nikaenda kwa Dokta, nikamwambia hayo hayo kwa Kifaransa. Alikuwa anaosha chupa ambazo hazina mtu. Hakukasirika. Aliniuliza ningepaswa kusema nini kwa Kiswahili siku ile. Nikamwambia: vya mgongoni, na vimelala. Alilirudia mpaka likatoka vizuri mdomoni mwake. Aliniuliza kama naweza kuwa nakuja Jumamosi, wagonjwa wakirudi, nimsaidie kusema na ndugu zao. Nimesema nitakuja.

Leo asubuhi nilimpa Papa barua hii ikiwa wazi, nikamwambia aisome kabla ya kuibeba. Alisoma amesimama, midomo ikitembea. Alipofika pale mwanzo alikawia, lakini hakuinua macho. Alisoma kurasa zote. Nilingoja nikitazama maji. Alipomaliza alinirudishia, akasema niandike kwa herufi kubwa zaidi, maana macho yako hayakuwa mazuri tangu utotoni. Halafu akanishika kichwa, akauacha mkono hapo, mzito, wa moto. Nilimuuliza kama ana neno la kukuambia. Alifikiri, akasema, “Mwandikie hivi: muzimu haukojoi. Anipe maji, angoje.”

Ndivyo alivyosema, nami nimeandika yote, sikuchagua.

Wanaita watu wapande. Amechukua kifurushi chake, amemsalimu mpakizi yeye wa kwanza, na mpakizi, ambaye hamjui, amemwitikia. Nafunga bahasha, nampa mkononi.

Msalimie shemeji Fidèle na watoto wote, mmoja mmoja kwa jina. Mungu akulinde wewe na mlango wako.

Ni mimi mdogo wako,

Bertille